Jina halisomi

Najua nimepotea, na wachache mmenitumia meseji kuuliza kama nimehama mji. Sijahama. Nipo Dar ile ile, foleni ile ile. Ila kuna jambo limenikaa kooni tangu mwaka juzi, na kila nikikaa kuliandika naishia kuandika habari za Simba na Yanga. Leo nalitoa. Ni refu kidogo, mwenye kahawa achukue kahawa.

Jambo lenyewe ni bima. Subirini, msikimbie kwanza! Na mimi nilikuwa kama nyinyi, nikisikia neno bima usingizi unanijia.

Ilianza kwa mwaliko. Si mnajua maisha ya waandishi wa habari: asubuhi unaitwa hoteli moja ya mjini, kiyoyozi kinapiga mpaka unajuta kutovaa sweta, unapewa chai na sambusa, halafu mkubwa mmoja anapanda jukwaani. Safari hii ilikuwa kampuni ya bima. Jina nalihifadhi, mtanisamehe. Mkubwa akasema kampuni yake imefanya mageuzi ya mifumo na sasa inaingia soko jipya: bodaboda, mama ntilie, machinga. Unapiga namba za nyota na reli kwenye simu yako, unakatwa shilingi 500 kwa siku, basi. Hakuna fomu, hakuna karatasi. Ukilazwa hospitali kwa ajali unalipwa shilingi 20,000 kwa kila usiku. Makofi yakapigwa. Wakati wa kutoka tukapewa bahasha ya nauli.

Niliichukua. Naandika hapa kwa sababu najua wapo wanaosoma ukurasa huu wanaodhani mimi ni malaika.

Jioni nikaandika habari nzuri sana, kichwa chake kikisema bima sasa iko kiganjani mwa bodaboda. Maneno kama mia nne hivi, na ndani yake hakuna swali hata moja. Sikuuliza ile 500 ikishatoka kwenye simu inakwenda wapi. Inapokelewa na nani? Inaandikwa wapi? Nilidhani hayo ni mambo ya kompyuta, na mambo ya kompyuta si habari.

Nina binamu yangu anaendesha bodaboda Mbagala. Mtu akapiga picha ule ukurasa wa gazeti akautupia kwenye grupu la WhatsApp la kijiwe chao. Binamu akanipigia. "Ndugu yangu, hii kitu ni ya kweli?" Nikamjibu, "Ya kweli kabisa, nilikuwepo."

Nilikuwepo. Yaani nilikula sambusa.

Akajiunga siku ile ile. Akawa anakatwa 500 kila alfajiri kabla hajawasha pikipiki, na kila ikikatwa inaingia meseji ya asante. Siku ya 77 gari dogo likakata kona mbele yake bila taa, wakati mvua inanyesha. Mguu ukavunjika. Alilala hospitali usiku tisa, na kwa hesabu ya 20,000 alitakiwa kupata shilingi 180,000. Kwa wengine hiyo ni hela ya wikiendi. Kwa nyumba ile ndiyo ilikuwa tofauti ya mama mkubwa kurudi kupika vitumbua au kwenda kukopa kwenye kikoba chake, na akaenda kukopa.

Maana binamu alipopiga simu ya huduma kwa wateja, dada wa upande wa pili akamwambia kwa sauti tamu kabisa: "Samahani kaka, jina lako halisomi kwenye mfumo."

Ana meseji 77 za asante, tumepokea. Na jina halisomi.

Mama mkubwa akanipigia. Nikamwambia shikamoo, akaitikia marahaba mwanangu, tukaulizana hali, kisha akasema taratibu, "Nasikia wewe ndiye uliyeandika ile habari." Hakunigombeza. Angenigombeza ningejisikia nafuu.

Nikaanza kufuatilia. Msemaji wa kampuni akanitumia taarifa ndefu yenye maneno mazuri na hakuna jibu ndani yake. Nikazunguka mlango wa nyuma, kama tunavyofanya, nikampata kijana mmoja wa kitengo cha kompyuta. Tukakutana Kariakoo kwenye kahawa na kashata, kwa makubaliano kwamba sitamtaja. Hapa nitamwita Fundi.

Fundi akanifundisha kitu ambacho nilitakiwa kukiuliza siku ya sambusa. Kampuni ya bima, akasema, ina mfumo mmoja ambao wao wanauita mfumo mama. Humo ndimo inamoandikwa hati ya bima. Humo ndimo ada inahesabiwa, madai yanafunguliwa, akiba ya kulipa madai inatengwa, bima mtawanyo inapangwa na ripoti za mamlaka zinatoka. Kama haumo humo, wewe si mteja, hata kama kampuni imekula hela yako. Kile kitu cha kwenye simu kilichozinduliwa hotelini kilikuwa kibaraza tu. Walikijenga mbele ya nyumba ya zamani, wakakipaka rangi, wakawaita waandishi wa habari. Nyumba yenyewe hawakuigusa.

"Sasa kibaraza na nyumba vinaongeaje?" nikamuuliza.

Kila usiku, akasema, programu ya simu inatoa faili moja yenye majina ya waliojiunga siku hiyo, na mfumo mama unajaribu kuisoma. Jumamosi moja akaniingiza ofisini kwao nikajionea. Kioo cheusi, herufi za kijani, hakuna picha, hakuna kipanya, ni kubonyeza vitufe tu. Mashine za ukoo ule, IBM AS/400, zilitoka mwaka 1988, na lugha ya COBOL iliyotumika kuandika mifumo mingi ya aina hiyo ni ya mwaka 1959, yaani ina umri zaidi ya Uhuru wetu. Fundi aliona nacheka akaninyamazisha. Mashine hii, akasema, haijawahi kuzimika kwa bahati mbaya tangu aajiriwe. Si mbovu. Ilitengenezwa kwa ajili ya mtu mwingine.

Akafungua ukurasa wa kumwandikisha mteja mpya. Jina. Tarehe ya kuanza bima. Tarehe ya kuisha, ambayo mfumo unajijazia wenyewe mwaka mmoja mbele. Na chini kidogo sehemu ambayo ukiiacha wazi mashine inalia na kukataa: S.L.P.

Sanduku la Posta, wadau. Binamu yangu wa Mbagala alikataliwa kwa sababu hana sanduku la posta.

Waliokataliwa hawafutwi. Wanatupwa kwenye faili la pembeni linalosubiri mtu alipitie kwa mkono, na mtu huyo alikuwa dada mmoja wa mafunzo kwa vitendo, ambaye mkataba wake ulikuwa umeisha mwezi mmoja kabla ya ajali. Nikamwomba Fundi anionyeshe hilo faili. Akalifungua, akaanza kushusha ukurasa. Majina yakapita. Akaendelea kushusha, majina yakaendelea kupita, mpaka mimi mwenyewe nikamwambia basi, inatosha.

Ukitaka kujua kwa nini mashine inadai sanduku la posta, rudi nyuma kidogo. Shirika la Bima la Taifa lilianzishwa 1963, na baada ya Azimio la Arusha la 1967 biashara ya bima ikawa mikononi mwake peke yake. Kampuni binafsi zilirudi baada ya sheria ya 1996. Katika miaka yote hiyo mteja wa bima alikuwa nani? Kiwanda, shirika la umma, mwenye meli, mwenye jengo, mwenye gari. Mtu mwenye anwani na hundi. Alikuja mara moja kwa mwaka, akalipa, akapewa hati, akaondoka mpaka mwakani. Kampuni hii ilinunua mfumo wake nje, kwa wenzetu ambako mteja naye alikuwa ni yule yule mwenye anwani na hundi.

Hebu piga hesabu na mimi. Bima ndogo ya gari la binafsi ilikuwa shilingi 118,000 kwa mwaka pamoja na kodi. Hiyo ni risiti moja. Binamu yangu akilipa 500 kila siku bila kukosa, kwa mwaka anatoa 182,500. Analipa zaidi ya mwenye gari! Lakini kwa mfumo mama hizo ni risiti 365, na kila risiti inataka namba yake, mstari wake kwenye vitabu vya hesabu, na karani wa kuithibitisha. Gharama ya kuipokea 500 inaizidi 500 yenyewe. Halafu bodaboda halipi kila siku. Jumanne mvua, Jumatano pikipiki iko gereji, Alhamisi analipa tena. Mfumo wa zamani unaelewa mambo mawili tu: uko ndani, au umetoka. Hauelewi mtu wa kuingia na kutoka, na soko jipya lote lile lilikuwa la watu wa kuingia na kutoka.

Nikauliza swali ambalo na wewe unalo kichwani: si wautupe, wanunue mpya?

Fundi akashusha kikombe. Kununua ni kazi rahisi, akasema, shughuli ni kuhama. Mule ndani kuna bima za maisha za miaka 25 na 30, zilizoandikwa kwa kanuni ambazo aliyezijua ameshastaafu na hakuandika popote. Huwezi kumwambia mjane kwamba hati ya marehemu mumewe haikuhamia vizuri. Kuna mteja mmoja ameandikwa Mohamed, Muhamad na Mohammed, na hakuna anayejua kama ni mtu mmoja au watatu. Kuna tarehe za kuzaliwa zilizojazwa moja Januari kwa sababu karani alikuwa na haraka. Kabla hujahama lazima uyasafishe hayo yote, halafu uendeshe mifumo yote miwili pamoja kwa miezi, ya zamani na mpya, ukilinganisha kila jioni kama hesabu zinafanana. Hiyo kazi haina uzinduzi. Hakuna mkubwa anayeita waandishi hotelini kuwaambia leo tumemaliza kusafisha kina Mohamed.

Wala tusijione sisi ndio wa nyuma tu. Lloyd's ya London, soko la bima linalojulikana dunia nzima, lililoanzia kwenye mgahawa wa kahawa karne ya 17 (naam, kijiweni kama sisi), lilijaribu kujenga mfumo wa kielektroniki ulioitwa Kinnect, likautupa mwaka 2006 baada ya mamilioni ya pauni kuteketea. Wenye hela nao wanaanguka.

Ila wapo waliofanya vizuri, na jirani tu hapo. Mwaka 2009 Kenya ilianza Kilimo Salama, chini ya taasisi ya Syngenta, kampuni ya bima ya UAP na Safaricom. Mkulima wa Laikipia alinunua mbegu dukani kwa wakala wa pembejeo, bima ikiwa imeongezwa kwenye bei. Wakala akapiga picha alama za mfuko kwa simu yake, na hapo hapo mkulima ameandikishwa. Mvua zilipogoma, vituo vya hali ya hewa vinavyojiendesha vilitoa vipimo, hesabu ikafanyika yenyewe, na fidia ikaingia kwa M-Pesa. Hakuna aliyekwenda shambani kuhesabu mahindi yaliyokauka, na mkulima hakudai chochote. Nilipomsimulia Fundi alikuwa anaijua. Wale, akasema, hawakuuliza tutamwingizaje mkulima kwenye mfumo wetu. Walianza na mfuko wa mbegu, mfumo ukafuata.

Akanipa na hadithi ya pili, ya Zimbabwe, ambayo sikuijua. Mwaka 2010 kampuni ya simu ya Econet ilianzisha EcoLife: ukiweka vocha ya kiasi fulani kwa mwezi unapata bima ya maisha bure. Bima yenyewe ilikuwa ya First Mutual, na mtambo wa kuendesha yote ulikuwa wa Trustco ya Namibia. Watu zaidi ya milioni moja wakaingia ndani ya miezi michache. Katikati ya 2011 wenye simu na wenye mtambo wakagombana kuhusu malipo, huduma ikazimwa, na wale watu wote wakabaki bila bima. Hakuna mteja aliyekosea hata senti. Nilifikiria wangapi kati yao waliambiwa na mwandishi mmoja wa Harare kwamba kitu hicho ni cha kweli kabisa.

Kuna kitu kingine kiliniuma kwa upande wetu. Mnakumbuka stika feki za bima za magari zilivyokuwa zimejaa mjini? Zilipokuja stika za kielektroniki mwaka 2021, Mamlaka ya Usimamizi wa Bima ikaweka mfumo ambao wewe mwenyewe unaingiza namba ya gari kwenye simu na kuona kama bima yake ni hai. Trafiki hana haja ya kukodolea macho karatasi kwenye kioo. Kwa hiyo jambo linawezekana. Gari la mtu linaweza kujulikana lina bima au halina kwa nusu dakika, lakini binamu yangu, mtu mzima mwenye mguu, alikaa siku 77 bila sehemu yoyote ya kujitazama kama jina lake linasoma. Angejua wiki ya kwanza angeacha kulipa, au angepiga kelele.

Haya, yaliishaje. Nilipeleka maswali kwa maandishi nikataja idadi ya meseji na tarehe zake. Miezi minne baada ya ajali binamu akalipwa 180,000 yake yote. Mama mkubwa alikuwa ameshalipa riba ya kikoba. Habari nikaiandika upya, safari hii na maswali. Mhariri akaisoma, akaniuliza kama najua kampuni hiyo inatangaza kwetu ukurasa mzima kila mwezi, nikasema najua. Ikatoka robo ukurasa, ndani kabisa, chini ya tangazo la tanzia, jina la kampuni limetolewa. Sikugoma. Nilikuwa na kodi ya nyumba. Kile kisa cha sanduku la posta kilikatwa kwa kukosa nafasi, ndiyo maana nakisimulia hapa.

Na lile faili la pembeni je? Nilimuuliza Fundi baadaye. Waliopiga simu walilipwa. Ambao hawakupiga, hawakupiga.

Binamu amerudi barabarani, anachechemea kidogo asubuhi kukiwa na baridi. Bima amekataa kabisa, hata ukimpa bure. Nilijaribu kumweleza habari ya kibaraza na nyumba, akanisikiliza kwa adabu, akauliza kama nataka kupelekwa stendi.

Mwaka huu Fundi akanitumia ujumbe kwamba hatimaye kampuni imenunua mfumo mama mpya, na yeye yuko kwenye timu ya kuwasafisha kina Mohamed. Anasema anaota majina usiku. Na wiki iliyopita nikapata mwaliko, hoteli ile ile. Wanazindua tena, na sasa soko jipya ni Kongo, upande wa mashariki, kwa ndugu zetu wa Kiswahili. Kwenye makaratasi inaleta maana. Kongo ilivunja ukiritimba wa bima kwa sheria ya 2015, na leseni za kampuni binafsi zikaanza kutolewa 2019. Malori yetu yanakwenda Lubumbashi kila siku. Lakini kule kuna faranga na dola vinatembea pamoja mfukoni, hati ni za Kifaransa, na mamlaka yao ina ripoti zake. Mfumo uliozaliwa na shilingi moja na lugha moja utakwenda kufanya nini kule? Labda huu mpya unaweza. Sijui, ndiyo maana naenda.

Nimeshathibitisha kuhudhuria. Sambusa nitakula, siwadanganyi. Bahasha nitaiacha mezani, na hilo nimewaambia nyinyi ili nione aibu nikibadili mawazo. Wakitoa nafasi ya maswali nitanyoosha mkono mapema kabla wenzangu hawajaanza kupongeza, na nitaomba wafungue ukurasa wa kumwandikisha mteja mpya, pale pale ukutani mbele ya watu, tumwandikishe mtu mmoja wa Mbagala ambaye hana S.L.P.

Nikirudi nitawaambia kama jina limesoma.